Mgeni wa Siku ya Pili

Nchi ya Karibuni haimo kwenye ramani yoyote, kwa hiyo msomaji asipoteze wakati wake kuitafuta. Na kama kuna ofisa atakayesoma habari hizi akahisi kaguswa, ajue hakuguswa yeye. Kaguswa ofisa wa nchi jirani, nami namwomba radhi kwa niaba ya jirani huyo.

Karibuni inasifika kwa ukarimu. Kuna nchi zilizojengwa juu ya dhahabu na nyingine juu ya mafuta. Hii imejengwa juu ya methali. Waasisi wake walipokaa kuandika katiba walibishana juma zima, mwisho wakachoka, wakaandika ibara moja ambayo kila mtu aliijua tangu utotoni: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wakapiga makofi, wakala pilau, wakaenda zao nyumbani.

Ibara hiyo ilitekelezwa kwa dhati. Kila mwenye haki ya kufanya kazi alipewa jembe dogo la shaba lenye namba, la kuvaa shingoni. Daktari alilivaa pamoja na mpira wake wa kusikilizia moyo, hakimu aliliweka mezani kabla ya kufungua kesi, na mwalimu aliyelisahau nyumbani alirudishwa getini. Asiye na jembe alikuwa mgeni, na mgeni alikatazwa kufanya kazi ya aina yoyote. Serikali haikuwa na chuki katika jambo hili. Ilisema tu kwamba ni aibu kwa taifa karimu mgeni kuonekana akitoka jasho.

Kutangaza kwamba siku ya tatu imefika ilikuwa kazi ya Ofisi ya Kuhesabu Siku. Miaka ya mwanzo ofisi ilihesabu kama watu wote wanavyohesabu, ikawa kila asubuhi inagawa majembe. Kisha nchi ya jirani ikaingia vitani, wageni wakafurika, na wakubwa wakashtuka kuona jinsi siku ya tatu inavyofika upesi. Ikatoka amri kwamba hesabu isimamishwe kwa muda, ili baadaye ifanywe kwa umakini zaidi. Wakati wa kisa hiki muda huo ulikuwa umetimiza miaka ishirini na moja.

* * *

Nyamizi aliingia Karibuni akiwa na miezi saba, mgongoni mwa mama yake, Bi Kalunde, aliyetembea naye siku nne kukimbia vita. Maneno yake ya kwanza aliyatamka kwa lafudhi ya Karibuni. Shuleni ndiye aliyeanzisha wimbo wa taifa kila Jumatatu, kwa sababu wenzake wenyeji walikuwa hawaujui ubeti wa pili. Siku tunayokutana naye ana miaka ishirini na mmoja na ushei, na kwa mujibu wa kitabu cha serikali yuko katika siku yake ya pili nchini, majira ya alasiri.

Mama yake alikaanga vitumbua na kuwapelekea maofisa wa Wizara ya Wageni kila kulipokucha. Hiyo haikuwa biashara, Mungu apishie mbali, maana mgeni hafanyi biashara. Yeye aliwapa zawadi, nao wakampa zawadi, na ofisa aliyejisahau akala zawadi bila kurudisha zawadi alikumbushwa kwa upole mbele ya wenzake. Mikono ya Bi Kalunde ilikuwa na makovu ya mafuta mpaka viwikoni. Kwa mikono hiyo alimsomesha binti yake hadi Chuo cha Uuguzi, ambako Nyamizi alishika nafasi ya kwanza miaka miwili mfululizo.

Mwaka wa tatu ndio ulioleta kisirani. Mwaka huo masomo hulipiwa na mfuko wa serikali unaoitwa Mkono wa Nchi, na wanafunzi hupelekwa wodini kuhudumia wagonjwa. Mkono wa Nchi hauwafikii wasio na jembe. Kuhudumia mgonjwa nako ni kazi. Mkuu wa chuo, mama mmoja mwenye huruma na woga kwa kipimo kilekile, alikaa akafikiri, akapata njia. Wenzake Nyamizi wakaenda wodini, na Nyamizi akapewa papai.

Papai lililazwa kitanda namba tisa katika chumba cha akiba. Nyamizi alilipima joto asubuhi na jioni, akalichoma sindano, akaligeuza lisipate vidonda vya mgongo, na kila alipoingia alilijulia hali, kama kanuni za uuguzi zinavyodai. Siku ya sita papai likaoza. Kamati ya mitihani ilikutana kwa dharura, ikampunguzia alama kwa kufiwa na mgonjwa, ikamtaka aandike barua ya rambirambi kwa mwenye shamba.

Baada ya barua hiyo mkuu wa chuo alimwita faragha akamweleza bila kuzunguka. Bila jembe hatamaliza chuo, na asipomaliza hatakuwa muuguzi wala chochote kingine. Alimpa mpaka mwisho wa muhula.

* * *

Mungu si Athumani. Muhula haujaisha, redio ikatangaza Sheria ya Huruma. Aliyeisoma ni Bwana Mwinyikondo, Mhesabu Siku Mkuu, mtu mnene mwenye sauti nyororo aliyevaa majembe matatu kwa wakati mmoja ingawa hakuna aliyewahi kumwona akifanya kazi moja.

"Wageni wetu wapendwa," alisema, "serikali imeyaona machozi yenu. Imeyapima na kuridhika kwamba yanatosha. Kuanzia leo, mgeni aliye chuoni anaweza kuomba aletewe siku yake ya tatu."

Fomu ilikuwa na kurasa arobaini na moja. Kurasa arobaini ziliuliza mambo ya kawaida: idadi ya meno ya mwombaji, ndoto aliyoota mara ya mwisho, maoni yake juu ya Mwenye Nyumba Mkuu, ambalo ndilo jina la rais wa Karibuni, na kama maoni hayo ni mazuri au ni mazuri sana. Ukurasa wa arobaini na moja ulikuwa na maswali mawili tu. Nani alikuleta nchini? Anaishi wapi?

Nyamizi alipofika hapo aliweka kalamu chini. Alikwenda Ofisi ya Kuhesabu Siku kuuliza majibu hayo yatatumiwaje. Bwana Mwinyikondo alimhakikishia kwamba ni siri kubwa. Fomu zote zingefungiwa katika kabati la chuma, na ufunguo wa kabati angekabidhiwa mtu mwaminifu kuliko wote serikalini, naye ni Mkuu wa Idara ya Kusindikiza.

Kwa asiyejua, Karibuni haifukuzi mgeni. Kufukuza ni tabia ya nchi zisizo na malezi. Karibuni humsindikiza mgeni asiye shuleni, mara tu ikijua anapolala, kama ustaarabu unavyotaka. Huja gari lenye wavu, askari wanne na wapiga ngoma wawili. Mgeni hukabidhiwa mkeka na kuku wa njiani, kisha hupelekwa mpakani kwa nyimbo, atake asitake.

Nyamizi alirudi nyumbani akaificha fomu chini ya godoro. Bi Kalunde, ambaye hakujua kusoma lakini alijua kutandika kitanda, aliiona kesho yake. Alimngoja binti yake arudi kutoka chuoni, akamuuliza huku akipepeta mchele wa vitumbua.

"Umebakisha nini humu?"

"Ukurasa mmoja, mama."

"Unataka nini huo?"

"Unataka habari zako. Jina lako na unapokaa."

Bi Kalunde aliendelea kupepeta. "Basi niandike. Habari zangu si nyingi."

"Wakijua unapokaa watakuja kukuchukua."

"Hawa nawalisha kila siku ya Mungu, mwanangu. Wananijua mpaka kisogo. Wakitaka kunichukua watanichukua, uandike usiandike." Aliweka ungo chini. "Nimechoka kusikia mtoto wangu anauguza papai."

Alikuwa anadanganya, na Nyamizi alijua kwamba anadanganya. Maofisa walimjua kwa vitumbua vyake tu. Kwa miaka yote hiyo alikuwa akiwaambia anatoka ng'ambo ya mto, na alikuwa akizunguka njia ndefu kila asubuhi ili aonekane anatokea huko. Nyamizi alikaa siku mbili na fomu ile. Siku ya tatu akaandika. Ningependa kumlaumu, maana msimulizi hupenda kupata wa kumlaumu, lakini moyo wangu unakataa. Njaa ya kazi nayo ni njaa.

* * *

Walioomba walikuwa elfu nne, waliopata walikuwa sita, na serikali ikasema idadi hiyo imevuka matarajio. Sherehe ilifanyika uwanja wa mpira saa nne asubuhi. Bwana Mwinyikondo alimvika Nyamizi jembe kwa mkono wake, akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba kwa binti huyu jua la siku ya pili limetua, na Mkono wa Nchi umenyooshwa kwake. Watu wakashangilia. Nyamizi alilia kwa furaha, na sioni sababu ya kuficha hilo.

Alikimbia nyumbani akiwa amelishika jembe lisimpige kifuani. Alikuta mlango wazi. Unga wa vitumbua ulikuwa umeumuka mpaka ukamwagika nje ya ndoo, na sakafuni yalikuwa yametapakaa manyoya ya kuku. Majirani walimwambia kwamba ngoma zilipita saa tano, na kwamba mama yake alikwenda kimya, ila aliomba askari wamsubiri azime jiko.

Nyamizi alikwenda Wizara ya Wageni kulalamika. Alipokelewa vizuri, akapewa kiti na maji ya kunywa, akaelezwa kwamba kabati halikufunguliwa na mtu yeyote. Lilikuwa wazi tangu mwanzo, kwa sababu kufuli lake lilikuwa bado halijanunuliwa. Kisha wakamkabidhi barua ya kumpangia wodi.

Mwanafunzi anayesomeshwa na Mkono wa Nchi hujifunzia kazi pale taifa linapomhitaji, na asipofika ndani ya siku moja jembe hurudi serikalini. Taifa lilimhitaji Nyamizi katika Nyumba ya Mapumziko ya Wageni. Hiyo ndiyo nyumba wanamolala wageni wanaosubiri kusindikizwa. Ina ukuta mrefu ili wasisumbuliwe, na nondo madirishani ili wasianguke. Kama aliyepanga barua hiyo alijua au hakujua, mimi sijui. Serikalini Karibuni ukatili na uzembe hukaa ofisi moja na hutumia muhuri mmoja.

* * *

Kazi yake ilikuwa nyepesi kuieleza. Karibuni haikubali mgeni aondoke mgonjwa, asije akafika kwao akasema ugonjwa kaupata kwetu. Kwa hiyo kila asubuhi Nyamizi alikaa mezani, wageni wakapita mbele yake mmoja mmoja, naye akaandika kwenye cheti neno moja kati ya mawili: mzima au mgonjwa. Mzima alipanda gari. Mgonjwa aliandikiwa jina la ugonjwa wake, akarudi ndani kwa siku mbili, kisha akapimwa upya.

Asubuhi ya kwanza mgeni wa tisa alikuwa Bi Kalunde. Alikuwa amevaa khanga ileile aliyochukuliwa nayo, yenye unga kwenye pindo. Nyamizi alisimama, kisha akakumbuka askari walioko mlangoni, akakaa tena.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba, nesi," Bi Kalunde akajibu.

Askari hawakushtuka, kwa kuwa kila mwanamke wa umri ule huitwa mama na kila mtu. Nyamizi alimshika mama yake mkono kama anahesabu mapigo, akaushika muda mrefu kuliko inavyohitajika. Mkono ulikuwa baridi na wenye nguvu. Mama yake alikuwa mzima wa afya kabisa. Nyamizi akaandika malaria.

Baada ya siku mbili aliandika homa ya matumbo. Kisha kuhara, kisha mgongo, kisha shinikizo la damu, na lilipoisha aliandika upungufu wa damu hiyohiyo. Kila ugonjwa ulimpa siku mbili za kumwona mama yake na dakika chache za kumshika mkono. Usomi wake wote ulikwenda huko. Kuna siku alichoka akaandika degedege, ambayo ni ya watoto wadogo, na karani akagonga muhuri bila kusoma. Kila jioni alikwenda kwa wakili mmoja aliyeahidi kufungua kesi ya kudai siku ya tatu ya Bi Kalunde. Wakili alikuwa mtu mwema, lakini mahakama ilimjibu kwamba mgeni hawezi kushitaki, kwa kuwa kushitaki ni kazi.

Wiki ya tatu mvua zilianza. Chumba cha wageni kilikuwa na sakafu ya saruji na paa linalovuja pembe zote, na mikeka ilikuwa imehifadhiwa stoo, kwa sababu mkeka ni zawadi ya kuondokea na zawadi haitolewi mapema. Bi Kalunde alianza kukohoa.

* * *

Alhamisi Bwana Mwinyikondo alikuja kukagua. Alifungua jalada la Bi Kalunde, akasoma taratibu, akavua miwani.

"Huyu mama amepatwa na magonjwa kumi katika siku ishirini," alisema, "na bado anakula vizuri. Kwa kweli hii ni sifa kwa nyumba yetu." Akalifunga jalada. "Nimemtambua kwa vitumbua vyake, binti. Nimevila miaka kumi na miwili. Usifikiri sina moyo."

Nyamizi alimwambia ukweli wote, kwamba magonjwa yale kumi aliyatunga, lakini hili la sasa hakulitunga. Alikuwa amesikiliza kifua asubuhi hiyo. Ni kichomi, na kimeshika mapafu yote mawili. Aliomba mama apelekwe hospitali.

Bwana Mwinyikondo alisikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa msikivu. Kisha akaeleza kwamba kesho asubuhi litakuja jopo la madaktari watatu kuchunguza hali ya mgeni huyu, na kwamba ripoti ya jopo ameshaisoma. Inasema mgeni ni mzima. Imepigwa chapa tangu Jumanne.

"Ataondoka kesho, uandike hivi au uandike vile," alisema kwa upole. "Ila ukiandika mgonjwa, cheti chako kitapingana na ripoti ya taifa, na jembe litakutoka shingoni hapohapo. Ukiandika mzima, ukweli wako na wetu utafanana. Utamaliza chuo. Nimekuja mwenyewe kukuambia kwa sababu ya vile vitumbua."

* * *

Ijumaa jopo lilifika mapema, likakaa kwenye viti likinywa chai, likingoja kuthibitisha ripoti yake. Nyamizi alimwita mama yake mezani. Aliweka mpira wa kusikilizia mgongoni kwake akasikiliza. Alisikia kile alichokisikia jana, ila leo kilikuwa kimeteremka chini zaidi. Ngozi ilikuwa ya moto. Wodini kwenye kitanda safi, kwa sindano za siku saba, mtu kama huyu hupona, na Nyamizi ndiye aliyekuwa wa kwanza darasani katika somo hilo.

Alimnong'oneza mama yake mambo yote aliyoambiwa na Bwana Mwinyikondo. Akamwambia kwamba ameamua kuandika ukweli, na jembe walichukue.

"Gari litaniacha ukiandika hivyo?" Bi Kalunde aliuliza.

"Halitakuacha."

"Basi nitakwenda, nami nitakuwa nimeacha nini huku nyuma? Mgeni mwingine." Alipumua kwa shida, akangoja kifua kitulie. "Mimi sikukubeba siku nne ili uje ushindane na karatasi yao. Andika mzima."

"Mama, nimesikia kifua chako. Safari hii huimalizi."

"Nimejua kabla hujanipima. Andika, Nyamizi. Huko wodini watu wanakusubiri."

Nyamizi akaandika mzima. Herufi ya mwisho ilipinda, na karani akamwambia haidhuru, inasomeka. Jopo likaweka sahihi tatu. Bi Kalunde akakabidhiwa mkeka wake na kuku wake.

Kutoka mlangoni mpaka kwenye gari ni hatua kama arobaini, na uwanja ulikuwa umejaa maofisa waliokuja kuaga. Bi Kalunde alizitembea hatua hizo amenyooka, mkeka begani, kuku kwapani, midomo ameifumba. Askari waliona bibi mwenye kiburi. Nyamizi peke yake, kutoka dirishani, ndiye aliyeona mabega yakiruka na mishipa ya shingo ikimtoka, akajua kwamba mama yake anakizuia kikohozi asije akamwaibisha mbele ya madaktari, cheti chake kikaonekana cha uongo. Alikizuia mpaka akapanda. Alikizuia mpaka wavu ukafungwa na askari akagonga bodi ya gari kumwashiria dereva. Hapo ndipo alipokohoa, na hakuacha. Bwana Mwinyikondo aliwaashiria wapiga ngoma waongeze nguvu, nao wakaongeza, lakini Nyamizi alikuwa amefundishwa kusikiliza vifua, na kikohozi kile alikisikia mpaka gari lilipokata kona.